SOMO LA KUFANYA KISU: KUKATA CHUMA NA KUKICHONGA

Mlimaji asiye na kisu kizuri hupoteza siku zake. Kisu kibaya huvunjika katikati ya mavuno, au makali yake huisha kabla jua halijafika utosini. Wala usifikiri kwamba kazi hii ni ya wageni tu. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi ya kale yalifukuliwa mwaka 1957, na ndani yake vilionekana vitu vya chuma vilivyofuliwa na wahunzi zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Basi soma polepole, kisha ufanye.

1. Kuchagua chuma

Si kila chuma kinafaa. Chuma laini cha msumari hakishiki makali, hata ukikitia motoni mara kumi. Tafuta chuma cha pua. Vile vipande virefu vilivyopindika chini ya motokari, vinavyochukua uzito wake, ni pua nzuri. Chagua kilicho chembamba, unene wa milimita 5 hivi. Kitundike kwa kamba, ukigonge. Kikilia kama kengele, ni kizuri. Kikilia kama chungu chenye ufa, kiache.

2. Kukilainisha

Pua ngumu itakula meno ya msumeno wako. Tia chuma katika moto wa makaa mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Kinyoshe kwa nyundo juu ya fuawe. Kitie motoni mara ya pili, kisha ukizike katika majivu makavu mpaka asubuhi.

3. Kukata

Chora umbo la kisu: makali sentimita 12, msuka sentimita 10, upana sentimita 3. Mahali msuka unapokutana na makali, chora mviringo, usichore pembe kali. Ufa huanzia penye pembe. Funga chuma katika jiliwa. Meno ya msumeno yatazame mbele; kandamiza unaposukuma, legeza unaporudisha. Kata nje ya mstari, ubakize milimita 1, nayo utaimaliza kwa tupa. Toboa matundu ya mpini sasa, maana baadaye chuma kitakuwa kigumu.

4. Kuchonga

Chora mistari miwili penye makali, kati yao nafasi ya milimita 1. Chonga kwa tupa upande mmoja kidogo, kisha upande wa pili kidogo, ili kisu kisiende kombo. Usipite mistari ile. Makali yakiwa membamba mno yatapindika au kupasuka katika mafuta, na kazi yako yote imepotea.

Ukiwa na jiwe la kuzunguka, vaa miwani ya kazi. Cheche moja yatosha kulipofusha jicho. Jiwe linapoanza kuzunguka, simama kando, usisimame mbele yake.

5. Kukaza na kupunguza ugumu

Pasha mawese katika chombo cha chuma mpaka yawe maji na moto kiasi. Weka karibu kifuniko cha chuma. Mafuta yakiwaka yafunike, usiyamwagie maji kamwe. Tia kisu motoni mpaka sumaku isikishike, kisha kitumbukize mara moja, ncha mbele, bila kukiyumbisha kando. Kikipoa, kijaribu kwa tupa: ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza.

Lakini kisu hicho sasa huvunjika upesi. Kisugue kiwe cheupe, ukilaze mgongo wake juu ya chuma cha moto. Rangi itatoka mgongoni na kuelekea makali. Makali yakifika rangi ya majani makavu, kitie majini.

Tangu hapo jihadhari na joto. Unaponoa, chovya kisu majini kila mara. Makali yakigeuka buluu, ugumu umetoka, na kinoo hakiwezi kuurudisha. Yakupasa kurudi motoni.

Maulizo

Kwa nini twabakiza milimita 1 penye makali?
Sumaku yatufundisha nini?
Kisu kikigeuka buluu kwenye jiwe, utafanyaje?

Asiyeweza kujibu asome tena kabla hajawasha makaa.