Kubadili Kazi Ukiwa na Mtoto Mdogo: Vidokezo 7

Wengi hupata hamu ya kubadili kazi mara tu wanapopata mtoto. Ni hamu inayostahili heshima. Lakini sasa huhami peke yako, kwa hiyo jambo la kwanza ni kupanga hatua kwa utaratibu unaomlinda mtoto.

1. Usiamue ukiwa hujalala. Miezi ya mwanzo kila kazi huonekana chungu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zitumie, kisha ujiulize upya. Pengine kinachokuchosha ni foleni tu, na dawa yake ni kuhamia tawi la karibu.

2. Hesabu saa kabla ya shilingi. Anayepika vitafunwa vya kuuza huamka alfajiri. Muuguzi ana zamu za usiku. Kaa na mwenza wako mwandike ratiba ya wiki: nani anampeleka mtoto, nani anamchukua, na dada wa kazi akiugua nani anabaki nyumbani. Kamuulize mzazi mwenzako anayeifanya kazi unayoitaka. Atakueleza yasiyoandikwa kwenye tangazo la ajira.

3. Anza na bima. Mara nyingi kadi ya mtoto inategemea ajira yako. Michango ikikoma, nayo inafungwa. Hakikisha bima mpya inaanza kabla ile ya zamani haijaisha.

4. Unatarajia mtoto mwingine? Tazama kalenda. Kwa sheria hiyohiyo ya ajira, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Ukiingia kwa mwajiri mpya ukiwa na mimba changa, jambo hilo litakugusa.

5. Soma ungali na mshahara. VETA ina kozi fupi za ufundi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa 1992 mahususi kwa masomo ya masafa. Anza na mzigo mdogo unaoweza kuubeba mtoto akishalala.

6. Ishi kwa kipato kipya kabla hujahama. Kadiria utakachopata mwanzoni, kisha kwa miezi mitatu mfululizo nyumba iendeshwe kwa kiasi hicho: maziwa, kodi, nauli, mshahara wa dada. Kinachobaki kiende kwenye akiba. Msipoweza, mmejua mapema, na kazi bado unayo.

7. Toka vizuri, kwa tarehe. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku zisizopungua 28. Chukua cheti cha utumishi, na hakiki kwamba michango yako NSSF imewasilishwa yote. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, hivyo ukijiajiri endelea kuchangia mwenyewe. Tarehe ya kuondoka muiandike mapema, maana mpango usio na tarehe huahirishwa kwa kila homa ya mtoto.