Mtandao Usiwe Msaili wa Nne

Tunguu, katika Wilaya ya Kati Unguja, ina vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998. Vijana wanaomaliza hapo huanza kutafuta kazi, na siku hizi mwajiri hasemi tena "njoo Mjini", anasema "tutakutumia linki". Hoteli ya Nungwi inamsaili mpishi aliyeko Tanga, ofisi ya Dar es Salaam inamsaili mhasibu aliyeko Tunguu, na mwombaji wa Pemba halazimiki kulala melini kwa ajili ya maswali ya nusu saa. Yafuatayo ni maswali wanayojiuliza waajiri na waombaji, na majibu yake.

Kwani kuna tofauti gani kati ya kumsaili mtu ana kwa ana na kumsaili kwenye skrini?

Ipo, na mara nyingi anayeumia ni mwombaji. Mwaka 2016 watafiti Blacksmith, Willford na Behrend walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali, wakaona kuwa wanaosailiwa kwa njia ya teknolojia hupewa alama za chini kuliko wanaokaa mbele ya wasaili. Miaka miwili baadaye Fiechter na wenzake wakaonesha jambo linalouma zaidi. Waliwaonesha watu video za usaili, nyingine safi, nyingine zimeharibiwa picha na sauti. Wenye video mbovu walipimwa kuwa hawafai sana, hata pale wapimaji walipoambiwa waziwazi wasijali ubora wa video. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakafika karibu na hapo kwa sauti peke yake: maneno yaleyale yakipita kwenye kipaza sauti duni, msemaji anaonekana hana akili sana na hastahili sana kuajiriwa.

Basi wachukuliwe wahitimu wawili wa darasa moja. Mmoja yuko Mjini kwenye intaneti ya nyumbani, mwingine yuko kijijini kwa bando la simu. Jopo la watu watatu linaweza kumchagua wa kwanza kwa moyo safi kabisa, kumbe aliyepiga kura ni mtandao.

Mwajiri aanzie wapi?

Aanzie kwenye sauti. Picha ikiganda, mtu bado anaeleweka. Sauti ikikatakata, usaili umekwisha. Kwa makadirio ya Zoom wenyewe, video nzuri ya watu wawili inataka takriban kilobiti 600 kwa sekunde kila upande, na sauti peke yake inatosheka na 60 hadi 80. Kwa hesabu hiyo, saa moja ya video inakula karibu MB 540, na saa moja ya sauti haifiki MB 80. Utaratibu wa haki ni huu: kamera ziwashwe kwa salamu na utambulisho, watu waonane sura, kisha mtandao ukianza kusuasua wote wazime. Wote, wasaili pia. Kumwacha mwombaji gizani huku jopo likitazamana kwa raha zake si usaili.

Na nani alipe bando? Mwajiri. Ameshaepushiwa gharama ya chumba cha mikutano, na mwombaji naye hakudai nauli ya boti. Kumtumia bando siku moja kabla hakutamfilisi mtu.

Kuna mtego mwingine mdogo wenye aibu kubwa. Zoom ya bure hukatika dakika ya 40, na Google Meet ya bure hukatika baada ya dakika 60 watu wakiwa watatu au zaidi. Mwombaji yuko katikati ya kueleza alivyofunga hesabu za mwaka, skrini inazima, naye anabaki akijiuliza kasema nini kibaya.

Saa ipangweje?

Iandikwe kwa namna mbili, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosana na wageni. Mwajiri wa kigeni akiandika "3:00 pm", kwa mtu wa Unguja ni saa 9 alasiri, na barua ya mwaliko iseme hivyo pamoja na 15:00. Muscat iko saa moja mbele ya Zanzibar. London iko nyuma kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi, kwa hiyo usaili uliopangwa Oktoba kwa ajili ya Novemba uhesabiwe upya.

Halafu kuna saa za mahali. Adhana ya adhuhuri Unguja huwa karibu saa 6 na nusu mchana, na nyumba nyingi ziko jirani na msikiti. Hakuna sababu ya kumweka mtu hapo. Mchana wa Ijumaa uachwe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua ikipiga kwenye bati hata mwenye kipaza sauti kizuri hasikiki. Asubuhi, saa 3 au saa 4, ndiyo salama zaidi, hasa Ramadhani.

Umeme au intaneti ikikatika katikati?

Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba, na wakubwa wanakumbuka kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Intaneti nayo inategemea bahari: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipoharibika, Tanzania nzima ilionja. Lakini mara nyingi mkasa ni mdogo kuliko huo: uniti za umeme wa Tukuza zimeisha na hakuna aliyekumbuka kununua.

Kwa hiyo mwaliko uwe na namba ya simu ya kawaida na sentensi mbili: tukipotezana tutasubiri dakika tano, kisha tutakupigia na kuendelea kwa simu, hutakatwa alama. Sentensi hizo zinamtuliza mtu kuliko tabasamu zote za jopo.

Maswali yenyewe yabadilike?

Hapana, yapangwe tu. Sackett na wenzake, katika uchambuzi wao wa mwaka 2022, waliuweka usaili wenye maswali yaliyopangwa juu ya njia nyingine zote za kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Maswali yaleyale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake.

Na mwombaji anayesoma majibu kwenye skrini?

Dawa ni swali lisilo na jibu la kunakili. Mpokea wageni aulizwe: "Mgeni amefika saa 8 usiku, chumba chake kimeshapewa mtu mwingine. Neno lako la kwanza ni lipi?" Kisha afuatiliwe: akikasirika je? Meneja asipopokea simu je? Ila msaili asikimbilie kushuku kila kimya. Utafiti wa Schoenenberg na wenzake wa mwaka 2014 ulionesha kuwa sauti ikichelewa njiani, msikilizaji humlaumu mtu na kumwona hayuko makini, wakati kosa ni la laini.

Mwombaji aliyeko nyumbani afanye nini?

Aegemeze simu kwenye rundo la vitabu mpaka kamera ifike usawa wa macho, akae akitazama dirisha, asiligeuzie mgongo. Earphone za waya za bei ndogo zinashinda spika ya simu. Simu iwe na chaji, laini ya pili iwe na salio, arifa za WhatsApp zizimwe, na wa nyumbani waambiwe mapema, la sivyo mdogo wake ataingia kuuliza ufunguo. Ajaribu linki jana yake, palepale atakapokaa.

Vyeti vinakaguliwaje?

Kwenye skrini havikaguliki. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huchapisha matokeo ya kidato cha nne kwa namba ya mtihani, na chuo kinaweza kuulizwa. Vyeti halisi vionwe kabla ya mkataba.

Mwajiri anaruhusiwa kurekodi?

Aseme kwanza, aeleze kwa nini, na nani ataangalia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura na sauti ya mtu ni taarifa zake.

Je, usaili wa WhatsApp wa kazi za Ghuba ni wa kuaminika?

WhatsApp yenyewe haina kosa. Kinachotazamwa ni nani anapiga: wakala asiye na ofisi, asiyewasha kamera, anayeuliza maswali mawili na kudai ada ya viza jioni hiyohiyo. Mwombaji asitume pesa wala picha ya pasipoti, achukue jina la wakala na kwenda Kamisheni ya Kazi kuuliza kama ana leseni.