Kisu kipya cha kukunja: kulainisha bawaba bila kuilegeza

Kisu cha kukunja ni kile ambacho bapa lake, yaani sehemu ya chuma inayokata, huzunguka juu ya pini na kuingia ndani ya mpini, hivyo hakihitaji ala. Kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Kalundu, mtaa wa bandari ulio kusini mwa mji wa Uvira nchini Kongo, faida ya umbo hilo iko wazi, kwa kuwa mtu anayepanda na kushuka mtumbwini usiku hawezi kutembea na makali wazi kiunoni. Kasoro yake huonekana siku ya kwanza. Kisu kipya, hasa kile cha bei nafuu kinachoshushwa bandarini pamoja na bidhaa nyingine kutoka Kigoma nchini Tanzania, mara nyingi huwa kigumu hata kikafunguliwa kwa mikono miwili na kumuumiza mtu ukucha, na mnunuzi asiye na subira hukimbilia chupa ya mafuta. Hapo ndipo kosa huanzia.

Yafaa kwanza kutofautisha hali mbili ambazo katika mazungumzo huchanganywa, nazo ni ulaini na ulegevu. Bawaba laini ni ile ambayo ndani yake bapa huzunguka kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza wala kukwama. Bawaba legevu ni ile ambayo bapa likishikwa ncha na kusukumwa kushoto na kulia hucheza. Ulaini hutokana na nyuso za chuma kuwa safi na nyororo, ulegevu hutokana na nafasi iliyozidi kati ya sehemu zinazogusana, na kisu kilicholegezwa kwa haraka ili kionekane laini humkata mwenyewe kabla hakijamkata samaki.

Chanzo cha kawaida zaidi cha ugumu ni uchafu wa kiwandani: grisi nzito iliyopakwa ili kuzuia kutu safarini, ikachanganyika na unga wa chuma na wa mawe ya kung'arishia. Kuuthibitisha ni rahisi. Kisu kifunguliwe na kufungwa mara kumi, kisha shina la bapa, yaani sehemu nene isiyo na makali inayoshikwa na pini, lipanguswe kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi unaokwaruza kati ya vidole, hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine kabla ya kukiosha. Mafuta yakiongezwa juu ya unga huo hufanya mchanganyiko unaokula chuma polepole, na kisu huonekana kupona kwa siku mbili tatu kabla ya kurudia hali yake, au kuwa kibaya zaidi.

Kiosheo kinachofaa ni mafuta ya taa. Hapa msomaji ajihadhari na majina, kwa sababu kile ambacho Uvira huitwa petroli ndicho mafuta ya taa, ilhali ng'ambo, Kigoma, neno hilohilo lina maana ya mafuta ya gari, ambayo Wakongo huyaita esansi na ambayo huwaka kwa cheche ndogo tu. Makali yafunikwe kwanza kwa tabaka moja la selotepu, kisha bawaba izamishwe katika kopo la mafuta ya taa mbali na moto, na kisu kifunguliwe na kufungwa humohumo mara hamsini au zaidi. Mafuta yakigeuka meusi yabadilishwe, na kazi iendelee mpaka yabaki na rangi yake. Baadaye kisu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe vizuri, ndipo kipimwe upya. Visu vingi hupona katika hatua hii.

Kisu ambacho ni safi lakini bado kinakwaruza kina tatizo la uso wa chuma wenyewe: shina lina vinundu visivyoonekana kwa macho, vilivyoachwa na mashine, vinavyosugua ukuta wa mpini au springi ya mgongo, ile fito ya chuma inayolisukuma bapa na kulishikilia linapokuwa wazi. Njia ya kuvipata imetumiwa na mafundi vyuma muda mrefu nayo haigharimu kitu. Masizi ya sufuria hupakwa kwa kidole juu ya shina mpaka liwe jeusi lote, bapa likazungushwa mara tatu au nne, kisha likatazamwa juani. Kinundu hujionyesha chenyewe kama doa dogo linalong'aa katikati ya weusi, wakati mwingine dogo kuliko punje ya mtama, na hilo peke yake ndilo linaloguswa na msasa mwororo uliolowanishwa. Masizi hupakwa tena, na kazi hurudiwa mpaka weusi ufutike sawasawa pande zote. Anayesugua shina zima bila kipimo hicho hutengeneza ulegevu kwa mikono yake.

Ikiwa kisu hakifunguki vipande, dawa ya meno nyeupe huweza kufanya kazi ya msasa, kwa kuwa ina unga laini uliokusudiwa kusugua. Kiasi kidogo hupakwa ndani ya bawaba, bapa huzungushwa mara 100 hadi 200, kisha kila chembe huoshwa, kwani itakayobaki itaendelea kusaga.

Kuhusu pini yenyewe, kuna tofauti kubwa kati ya skrubu, ambayo mafundi wa Uvira huiita visi, na ribiti, yaani msumari uliopondwa pande zote mbili. Skrubu hulegezwa kidogo kidogo, si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, huku uchezaji wa bapa ukipimwa. Ribiti iliyobana mno apelekewe fundi, maana kuilegeza kwa kulipinda bapa pembeni ni kubahatisha.

Mpini wa mti una tabia yake. Mfano mashuhuri ni kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, ambacho bapa lake huingia moja kwa moja katika ufa wa mti. Mti ukinywa maji huvimba na kulibana bapa, jambo la kutarajiwa kwa chombo kinacholala katika mtumbwi uliolowa. Kisu cha namna hiyo kikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, kisiwekwe juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, maana mti hupasuka, na chuma kikipata joto hadi kugeuka rangi ya buluu hupoteza ugumu wa makali.

Mafuta ndiyo huja mwishoni. Mawese yako karibu na kila jiko la Uvira, lakini hayafai: chupa ya mawese iliyoachwa usiku dirishani hugawanyika, juu mafuta mekundu mepesi, chini uji wa manjano, na uji huohuo ndio utakaoganda ndani ya bawaba asubuhi ya baridi, kisha kuchacha na kunata. Mafuta machafu ya injini ni mabaya zaidi, kwani yana unga wa chuma na hayapaswi kukaribia chakula. Kisu cha kukatia nyuzi za nyavu kinatosheka na mafuta ya cherehani. Kile cha kupasulia mukeke, ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, kipewe parafini ya maji inayouzwa katika maduka ya dawa. Tone moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti latosha kila upande. Anayeuza ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa, kwa bahati yake, hahitaji kisu.

Kunoa kusitangulie. Visu vya bei nafuu hutoka kiwandani vikiwa butu, na ubutu huo ni faida kwa muda wote wa kazi iliyoelezwa hapa, kwa sababu vidole hupita mbele ya makali mamia ya mara. Jiwe la kunolea litolewe siku ile ambapo bapa litafunguka kwa dole gumba moja na, likiwa wazi, halitacheza hata kidogo.