Mitambo Midogo ya Kupiga Chapa

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniuliza: vitabu vya kwanza vya Kiswahili vilipigwaje chapa, zamani zile ambapo bara hapakuwa na garimoshi wala barabara? Swali lake ni jema.

Mtambo wa kale ulikuwa wa mbao, wenye parafujo kubwa. Mnamo mwaka 1800 Lord Stanhope wa Uingereza aliufanya wa chuma, akaongeza nyenzo, hata mtu akavuta mara moja tu na ukurasa mzima ukashika wino. Kisha George Clymer wa Philadelphia akaiondoa parafujo kabisa. Na mnamo 1820 Richard Cope wa London akatengeneza mtambo uitwao Albion, ulio mwepesi zaidi. Watu wawili, mmoja akipaka wino na mmoja akivuta, waliweza kupiga karatasi zipatazo 200 kwa saa.

Lakini mizigo ya bara ilikwenda kichwani, na mpagazi alibeba ratili 60 au 70. Hivyo ulifaa mtambo wa mezani, mfano wa ule wa Edward Cowper wa miaka ya 1840: kibao chenye bawaba hufunikwa juu ya herufi kama kifuniko cha sanduku, na wenzo hukikandamiza. Taabu ilibaki katika wino, maana rola za kuupakia zilifanywa kwa gundi na asali ya miwa, nazo hulegea kwa joto.

Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864. Steere akapiga chapa huko, na mwaka 1867 kikatoka kitabu chake cha lugha ya Kisambaa. Waliopanga herufi na kuvuta wenzo walikuwa vijana waliookolewa utumwani. Njia ya watumwa ilianzia hata Ujiji, karibu yetu. Jina la Steere twalijua sote. Wale vijana ni wangapi wawakumbukao? Mimi naona wana deni kwetu lisilolipwa.

Naye Alexander Mackay, fundi wa Uskoti, alifika Buganda mwaka 1878 akiwa na mtambo mdogo wa mkono. Akachonga herufi za mbao apate karatasi za kufundishia kusoma. Baadaye akapiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, katika siku ambazo wasomaji wake waliuawa. Alifukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa Nyanza, akafa huko Februari 1890.

Herufi za risasi za Ulaya zilihesabiwa kwa lugha za Ulaya. Wafua herufi wa Kiingereza, penye e 12,000, walitia k 800 tu. Sasa tazama maneno haya mawili, “kitabu kikubwa”: k ni tatu, na e hakuna hata moja! Mpanga herufi wa Kiswahili alimaliza k zake kabla ya kumaliza ukurasa. Ndipo hakuwa na budi kuupiga chapa ule aliokuwa nao, aufumue, azioshe herufi, aanze tena.

Nilimpa yule kijana gazeti letu hili ahesabu k za ukurasa mmoja. Alipopita 60 akaniomba ruhusa aende zake.