Igizo Kabla ya Maandishi

Nafundisha sanaa za maonesho kwenye kituo cha elimu nje ya mfumo rasmi jijini Dar es Salaam, ambako vijana husoma masomo ya miaka minne ya sekondari kwa miaka miwili. Wengi wao ni wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi shule za kawaida, lakini anayeuza maandazi asubuhi huku mtoto akiwa mgongoni mara nyingi hupata nafuu kwenye kituo kama chetu. Walimu wenzangu huniuliza naanzaje nao.

Anza na ratiba. Weka mazoezi mara tu baada ya kipindi cha mwisho, kwa sababu nauli ya siku ya ziada yatosha kumpoteza mwanafunzi. Tandika mkeka pembeni kwa ajili ya watoto. Na kila mhusika awe na waigizaji wawili: mtoto akiugua, mama yake abaki nyumbani bila kuhisi amewaangusha wenzake.

Wiki za mwanzo usigawe karatasi. Hata Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ambayo naipenda mno, husubiri. Aliyezoea kunyamazishwa, ukimpa karatasi, ataiinamia. Kwa hiyo tunasimama duara, tunavuta pumzi hadi tumboni, tunaitana majina kutoka upande huu wa uwanja hadi ule. Kisha watu wanne au watano huunda picha kwa miili yao tu, bila neno: foleni ya zahanati, baba amerudi nyumbani. Wenzao huitazama na kueleza nani ana nguvu pale na nani hana. Augusto Boal wa Brazil alitumia mazoezi ya namna hii mwaka 1973 kwenye mpango wa kisomo cha watu wazima nchini Peru, na kwangu hakuna zoezi linalofungua midomo upesi kama hili.

Hapo ndipo tunapotafuta hadithi. Nafuata njia ya Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama: wasichana wenyewe hutaja tatizo, huchimba chanzo chake, huligeuza kuwa igizo, kisha hulijadili na watazamaji.

Jambo moja silegezi. Simwambii mwanafunzi aigize maisha yake mwenyewe. Wageni huja wakitaka binti asimame atoe ushuhuda, nami nakataa, kwa maana machozi yake si mali ya kituo. Badala yake darasa zima humbuni msichana mmoja. Wetu anaitwa Zuhura. Tunaulizana: kabla ya mkasa alitaka kuwa nani? Nani alijua akanyamaza? Kila mmoja humwongezea kitu, na hakuna ajuaye kipi kimetoka kwa nani. Anayejifunga khanga nyekundu ndiye Zuhura. Mazoezi yakiisha huifungua, huikunja, hutaja jina lake halisi kwa sauti, na wote humwitikia. Usiruke hatua hii hata kama giza linaingia. Asirudi nyumbani na uchungu wa Zuhura.

Siku ya maonesho alika wazazi, mwenyekiti wa mtaa na mkuu wa kituo. Simamisha igizo pale Zuhura anaposhindwa, kisha muulize mtazamaji: ungekuwa wewe? Ajifunge khanga, aje ajaribu. Waigizaji wamjibu kama baba au mwalimu mkuu angejibu kweli, bila kumrahisishia.

Mwanafunzi mmoja aandike yanayosemwa, na ombi linalotokana nayo wanafunzi walisome wao wenyewe, palepale. Kundi lililopita liliomba majaribio yasipangwe siku ya kliniki ya watoto. Mkuu wa kituo alikubali mbele ya wazazi, na ratiba mpya ikabandikwa ukutani.