Maji ya Moero na makala ya jikoni
(Somo la mambo ya sasa kwa wanaojitayarisha kwa Exetat)

 

Katika zoezi la insha la mwezi uliopita tuliulizwa: nchi yetu ina nguvu gani zinazojirudisha, na je, zinalinda mazingira? Nusu ya darasa iliandika kwamba makala ni nguvu inayojirudisha, sababu mti ukikatwa unaota tena. Nusu nyingine ikaandika hapana, sababu msitu unakwisha. Mwalimu alirudisha makaratasi bila alama, akasema, «Nendeni kwanza mkatafute.» Mabishano yakaingia mpaka bwenini. Sisi ambao kazi yetu ni kunyamazisha bweni saa tatu za usiku, siku ile ndio tulikuwa na sauti kubwa kupita wote. Basi tulitafuta, na haya ndiyo tuliyopata.

Neno lenyewe kwanza. Kwenye karatasi ya mtihani mtaandika énergies renouvelables. Katika vitabu vya Tanzania mtakuta nishati jadidifu. Ni nguvu ambazo asili inazirudisha upesi kama vile sisi tunavyozitumia: jua, upepo, maji yanayotelemka, miti. Angalieni vizuri hayo maneno «upesi kama vile». Kosa letu sote lilikuwa hapo, na tutarudi kwake.

Tuanze na maji. Fungueni ramani. Luapula inaingia katika ziwa Moero upande wa kusini. Maji yanapita mbele ya Kilwa yetu, yanatoka kule Pweto yakiitwa Luvua, yanapita Piana Mwanga, ambako wakati wa ukoloni palijengwa kituo cha umeme kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono (ni Manono ile ile ambayo leo inatajwa kwa sababu ya lithiamu), kisha yanaingia Lualaba karibu na Ankoro. Lualaba ndiyo inayogeuka kuwa mto Kongo. Mwisho wa safari, kabla ya bahari, maji yanaanguka kwa nguvu sana pale Inga. Kwa hiyo yale maji ambayo mama zetu wanafulia nguo hapa ufukoni, yanayofika huko yanazungusha turbini za Inga.

Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ikiwa na megawati 351. Inga ya pili ilifuata mwaka 1982, na megawati 1,424. Wataalamu wanasema mahali pale panaweza kutoa karibu megawati 40,000 kama pangejengwa pote. Sababu yake ni nzuri kujua: mto Kongo unapokea mvua pande zote mbili za ikweta, kaskazini na kusini, kwa hiyo upande mmoja ukiwa na kiangazi mwingine una mvua, na mto haupungui sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waya ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700, kusudi umeme ufike kwenye migodi ya shaba. Tuliposoma habari hiyo mwenzetu mmoja aliuliza: «Sasa maji yetu yanaenda, umeme unarudi Katanga, na sisi tunasoma na taa ya betri. Ni hesabu gani hiyo?»

Swali lake ni zuri kuliko lile la mtihani. Jibu lina sehemu mbili. Sehemu moja ni ya fizikia: waya ule unapitisha mkondo wa upande mmoja, usiogeuka-geuka, wa volti 500,000. Huwezi kutoboa njiani kama unavyotoboa bomba la maji. Unahitaji kituo kikubwa cha kugeuza mkondo, na vituo hivyo vilijengwa kwenye ncha mbili tu, Inga na Kolwezi. Vijiji vilivyo chini ya waya vinautazama tu. Sehemu ya pili haiko katika fizikia. Waya ulichorwa kwa ajili ya migodi, haukuchorwa kwa ajili ya nyumba. Hata leo, katika Kongo nzima, ni karibu mtu 1 kati ya 5 anayepata umeme. Andikeni sababu zote mbili. Ukiandika moja umejibu nusu.

Tena msidhani umeme wa maji hauna madhara. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kilianza kazi kwenye mto Lufira, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Ukuta wake ulizuia maji, na bonde zima likageuka ziwa, ndilo Tshangalele. Leo watu wanavua samaki humo, na ndege wengi wanakaa pale, kwa hiyo si hasara tupu. Lakini nchi iliyokuwa chini haikurudi. Katika miaka hii ya karibuni pana mabishano makali juu ya mradi wa Sombwe, kwenye Lufira hiyo hiyo, kati ya hifadhi za Upemba na Kundelungu. Wenye kuutaka wanasema migodi na miji ina njaa ya umeme. Wenye kulinda wanyama wanasema bonde lile ni njia ya wanyama, na Upemba ndimo walimobaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Swali la namna hii linaweza kuja kwenye mtihani, na anayetaka alama lazima aandike hoja za pande zote mbili.

Jambo lingine ni mvua. Wenzetu wa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, wako katika nchi inayopata zaidi ya sehemu 80 kwa 100 za umeme wake kutoka kwenye maji. Mwaka 2024 ukame mkali uliikuta Zambia, maji ya Kariba yakashuka sana, na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku. Mto ulikuwa wa kujirudisha, ndiyo, lakini mwaka ule haukujirudisha.

Sasa makala. (Huko Tanzania wanasema mkaa, kwao makala ni maandishi kama haya. Msicheke.) Tulikwenda sokoni kumwuliza mama mmoja anayeuza magunia. Alisema: «Batoto, zamani tulikuwa tunakata hapa karibu. Sasa mutu analala njiani siku mbili.» Hakuhitaji kitabu.

Miti ya miombo, kama vile mutondo na musamba, inachipuka tena kwenye kisiki. Waliosema inaota tena hawakudanganya. Lakini inahitaji miaka 20, 30, au zaidi, na iachwe bila moto wala shamba. Tena, tanuru ya udongo inapoteza mno: katika kilo 100 za kuni unapata makala kilo 10 mpaka 20 tu, nyingine zinakwenda na moshi. Kwa hiyo kuni zinajirudisha pale ambapo watu wanakata kidogo kuliko kinachoota. Hapa kwetu tunakata zaidi. Nusu zote mbili za darasa zilikosa, sababu kila moja ilitazama mti na hakuna iliyohesabu miaka.

Kuna nguvu moja ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika, ingawa tunaikanyaga kila siku tukienda ziwani. Ni jua linalokausha chisense. Samaki wakubwa wanakaushwa kwa moshi, na moshi ni kuni, na kuni ni msitu. Chisense anatandazwa mchangani asubuhi, na kama mvua haikunyesha, jioni amekauka. Hakuna mti uliokatwa. Wote tulitafuta vibao vya jua vya Ulaya na China, tukasahau mchanga wa nyumbani.

Mwalimu amekubali kwamba insha iandikwe upya. Siku ya Jumamosi, baada ya kazi za usafi, tutapima kwa mizani kuni zinazoingia katika jiko la shule kwa siku moja. Wenye nguvu za kubeba waje saa moja asubuhi, na mwenye daftari la mistari alilete, sababu la kwetu limejaa.