Pampu ya Kisima Kifupi Inapovuta Hewa

Kiangazi kinapokaribia mwisho, maji ya visima vifupi hushuka. Ndipo watumiaji wengi wa pampu za umeme hukuta bomba likitema hewa, maji yakitoka kwa vipindi au pampu ikiunguruma bila kutoa chochote. Kabla hujanunua pampu mpya, tunakushauri uchunguze mambo yafuatayo kwa utaratibu.

Mwinuko wa mahali ulipo

Pampu iliyowekwa juu ya ardhi huondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje huyasukuma maji ya kisimani yapande. Katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, nguvu hiyo haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa huzidi mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, na kikomo hushuka hadi takribani mita 8.5. Ukiondoa upotevu ndani ya mabomba, usitegemee zaidi ya mita 6. Hivyo pampu iliyoandikwa kwamba huvuta mita 8 yaweza kuwa nzima kabisa, na bado ikashindwa kwako.

Hatua za uchunguzi

1. Zima umeme. Funga jiwe safi kwenye kamba, ulishushe, upime kutoka usawa wa pampu hadi uso wa maji, si hadi chini ya kisima. Ikiwa ni zaidi ya mita 6, tatizo ni kina.

2. Ikiwa maji hutoka vizuri kwanza, kisha hewa hufuata baada ya dakika kadhaa, pima tena mara baada ya kuzima. Huenda kisima hujazwa polepole kuliko pampu inavyotoa. Punguza mtiririko, au pumzisha kisima kati ya vipindi.

3. Ikiwa hewa hutoka tangu mwanzo, kagua viungo vya bomba la kufyonza. Paka povu zito la sabuni wakati pampu inafanya kazi, bila kugusa sehemu za umeme. Mahali povu linapofyonzwa ndipo penye tundu. Zima umeme, fungua kiungo hicho na ukifunge upya kwa tepu nyeupe ya nyuzi.

4. Ikiwa ni lazima kuijaza pampu maji kila asubuhi, shuku vali iliyo mwisho wa bomba kisimani. Mchanga au jani huizuia isifunge. Isafishe au uibadilishe, na ihakikishe imezama angalau nusu mita.

Pampu inayowaka na kuzima haraka

Kwa wenye tangi la presha, zima umeme, toa maji yote, kisha pima upepo wa tangi kwa geji ya matairi. Uwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu, kwa tofauti ya takribani psi 2. Maji yakitoka kwenye vali ya upepo, mpira wa ndani umepasuka.

Onyo

Usishushe kisimani pampu ya petroli ili kuisogeza karibu na maji. Moshi wake huua upesi, na humuua pia anayeshuka kumwokoa mwenzake. Hata kisima kisicho na injini chaweza kuwa na hewa mbaya. Kazi ya ndani waachie mafundi wenye vifaa.

Unaponunua

Mweleze muuzaji kina cha maji mwishoni mwa kiangazi pamoja na mahali unapoishi. Ikiwa kina kinazidi mita 6, omba pampu ya kuzamisha, kwa kuwa hiyo husukuma maji badala ya kuyavuta. Dai risiti na dhamana ya maandishi, uvihifadhi. Muuzaji akikataa kutimiza dhamana, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani ukiwa na nyaraka hizo.